Deni la Maji

Kuna madeni ambayo mtu huyajua kwa sababu yameandikwa, na kuna mengine ambayo mdaiwa hana habari nayo wala mdai hana hati ya kuonyesha. Deni la maji ni la aina hii ya pili. Kwa miaka mingi nilifundisha jiografia, kwanza shuleni na baadaye katika chuo cha ualimu, na kila mwaka niliuchora mto ubaoni: chanzo chake, matawi yake, mwendo wake na mdomo wake. Mwanachuo aliyeweza kuuchora tena katika karatasi ya mtihani alipata alama zake, na mambo yakaishia hapo. Ramani ina kazi yake na inaifanya vizuri. Haikuumbwa kutuambia ni nani huko juu anayejinyima nini ili mto uendelee kutiririka. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze, msomaji wangu, na nitalizungumza kwa kuutazama mto wa Ruvu, kwa kuwa mkono wake mmoja, Ngerengere, unapita karibu na hapa Kihonda ninapoishi.

Nianze na ardhi yenyewe. Milima ya Uluguru ni sehemu ya Tao la Mashariki, ile milima ya kale inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka kwa vipande vipande hadi Udzungwa. Kilele cha Lupanga, kinachoutazama mji wa Morogoro, kina kimo cha mita zaidi ya 2,100 juu ya usawa wa bahari, na Kimhandu, upande wa kusini, kinapita mita 2,600. Ukitoka pwani kuja huku hukutani na mlima mwingine wa kulingana nayo. Kwa hiyo pepo zinazotoka Bahari ya Hindi zikiwa zimebeba unyevu husafiri juu ya tambarare bila kizuizi mpaka zigonge ukuta huu. Zikiugonga hazina budi kupanda, zikipanda hupoa, zikipoa humwaga. Ndiyo sababu sehemu za juu za miteremko ya mashariki hupata mvua inayozidi milimita 2,500 kwa mwaka, wakati sisi wa Kihonda, tunaokaa nyuma ya mlima, kwa kawaida hatupati hata nusu ya hizo.

Lakini mvua peke yake haifanyi mto. Mvua inayopiga jabali tupu hukimbia siku ile ile, ikabeba kila kilicho mbele yake, na kesho yake bonde ni kavu. Kinachoufanya mto uwe wa mwaka mzima ni msitu ulioko juu. Huko miti imevikwa kuvumwani toka shinani hadi matawini, na chini yake kuna tabaka nene la majani yaliyooza. Udongo wake hunywa maji kama sifongo na kuyaachia kidogo kidogo. Hata siku ambayo mvua haikunyesha, ukungu hugota kwenye majani, ukageuka matone, ukadondoka. Mwezi wa Septemba, jua likiwa limekwisha kuikausha nyasi yote ya Kihonda, maji unayoyaona yakipita mtoni ni akiba iliyowekwa na msitu miezi kadhaa nyuma. Mtu mwenye akiba ya namna hiyo benki angeijua kwa tarakimu. Sisi yetu tunaijua siku inapopungua.

Sasa tazama jinsi mlima huu unavyoyagawa maji yake. Upande wa mashariki na kusini-mashariki hushuka Ruvu wenyewe, ukipokea vijito vingi, miongoni mwao Mfizigo na Mvuha. Upande wa magharibi huanzia Mgeta, ambao ungeudhania kuwa unakwenda zake Kilosa na kupotelea huko; la, unageuka kusini, unauzunguka mguu wa milima, kisha unaelekea mashariki na kujiunga na Ruvu. Upande wa kaskazini-magharibi kuna Ngerengere. Huo nao huanza kwa kukimbilia upande usiotazamiwa, ukaingia bwawa la Mindu, ukatoka, ukapita Mazimbu na Kihonda, ukazunguka kaskazini ya mji ukipokea vijito vya mjini pamoja na mto Morogoro, halafu ukashika njia ya mashariki mpaka ukakutana na Ruvu huko tambarare. Kwa maneno mengine, mlima umeukumbatia mto mmoja kwa mikono mitatu. Tone lililoanguka Bunduki na tone lililoanguka Kinole, ambayo juu ya mlima yameachana migongo, yana nafasi sawa ya kukutana Mlandizi. (Wanafunzi wangu wengi waliuchanganya Ruvu huu na Ruvu wa Kilimanjaro, ule unaokuwa Pangani, na wengine wakauchanganya na Ruvuma. Sikuwalaumu sana; majina ya mito yetu yana undugu wake.)

Huko tambarare mto hupita chini ya reli ya kati, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Morogoro mwaka 1907, na mwishowe huingia baharini kaskazini ya Bagamoyo, katikati ya mikoko. Wazungu wa kwanza waliopita huko katika karne ya 19 waliuita Kingani, na ramani zao nyingi zina jina hilo.

Lakini siku hizi sehemu ya maji ya mto ina safari nyingine. Mwaka 1959 ulijengwa mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, na mwaka 1976 ukajengwa wa Ruvu Chini, karibu na Bagamoyo. Mitambo hii imepanuliwa katika miaka ya karibuni, wa kwanza ukawa na uwezo wa kutoa lita milioni 196 kwa siku na wa pili lita milioni 270. Vipo visima na vyanzo vingine, lakini Dar es Salaam, jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ililihesabu kuwa na watu zaidi ya milioni tano, kwa sehemu kubwa linakunywa Uluguru. Ukimwona mtu wa Kariakoo anafungua bomba, ananawa, na kulifunga, kuna msitu uliomfanyia kazi, na chini ya msitu huo kuna mtu ambaye hakuukata.

Huyo mtu ndiye ninayemfikiria.

Mlima wa Uluguru una watu wengi, na wengi wao ni wakulima wa mashamba madogo yaliyoning'inia kwenye miteremko ambayo mgeni wa nchi ya tambarare hata kuipanda kwa mikono mitupu humshinda. Wanalima migomba, mahindi, mihogo, maharage. Kinole na jirani zake hutoa ndizi na mananasi. Mgeta hutoa kabichi, karoti na viazi ambavyo vinaliwa Dar es Salaam bila mlaji kujua vilikotoka, kama maji yenyewe. Ardhi haiongezeki. Baba wa watoto sita alilima robo tatu ya ekari. Hao sita watalima nini? Juu kuna msitu ambao umekuwa hifadhi tangu enzi ya Wajerumani na ambao mwaka 2008 ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Chini kuna kijito, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 za kingo zake. Chukua kamba, msomaji, upime mita 60 kila upande wa kijito katika bonde la Uluguru, kisha uniambie shamba limebaki wapi. Nchi ya tambarare mita 60 ni ukingo wa mto. Kule, mara nyingi, ni bonde zima.

Katika miaka ya 1990 nilikuwa nikiwapeleka wanachuo mlimani kwa mafunzo ya uwandani. Safari moja tulimkuta bibi anafyeka kandokando ya kijito. Tuliamkia, akaitikia, akatukaribisha kwa maneno ya kawaida ya heshima. Mwanachuo mmoja, kijana mwenye bidii na daftari mkononi, akamwambia kwa adabu, "Bibi, hapa ni chanzo cha maji. Haifai kulima hapa, mto utakauka." Bibi akaegemea mpini wake akamtazama. "Sawa, mjukuu wangu. Na hao wanaoyanywa huko chini, wao wanalima wapi?" Kijana akajibu kwamba wengi wao hawalimi, wanafanya kazi ofisini na viwandani. "Basi," akasema bibi, "nisipolima hapa, jioni nije nile kwako?" Wenzake walicheka, lakini yeye hakucheka, na kwa hilo nilimpa alama katika moyo wangu. Alikuwa amelielewa swali.

Swali la bibi yule halijibiwi kwa kumwambia kwamba maji ni ya wote. Ni kweli kwamba ni ya wote. Sheria ya mwaka 1974 ilikwisha kusema kuwa maji yote ya nchi ni mali ya Jamhuri, na zile zilizofuata, hadi ya mwaka 2009, hazikubadili msingi huo. Nami naukubali. Mvua haitoki mfukoni mwa mtu, na sipendi kuishi katika nchi ambamo mwenye chemchemi anaweza kumwuzia kiu jirani yake. Hakuna Mluguru niliyezungumza naye aliyeniambia kuwa maji ni yake. Lakini ukisema maji ni ya wote, na papo hapo mzigo wa kuyalinda ukawa wa wachache, tena maskini kuliko hao wote, umetumia neno "wote" kwa mizani mbili. Kinachodaiwa si bei ya maji. Kinachodaiwa ni fidia ya jembe lililotuliwa chini, ya mti ambao haukukatwa ingawa mkaa wake ungenunua madaftari ya shule.

Swali hili si geni mlimani. Limejibiwa kwa njia mbalimbali kabla yetu, na majibu hayo yanafaa kutazamwa moja baada ya jingine.

Zamani jibu lilikuwa la heshima. Katika pango la Kolero, upande wa kusini-mashariki wa milima, palikuwa na mzimu wa Kolelo, uliotambikiwa kwa ajili ya mvua na rutuba. Si Waluguru peke yao walioutambikia. Wazaramo, watu wa nchi ile ile ambayo leo ni Dar es Salaam na viunga vyake, walituma wajumbe wao kwa miguu, siku nyingi, wakiwa na zawadi, kwenda kuomba mvua. Habari za Kolelo zilienea hata zikaingia katika vuguvugu la Majimaji mwaka 1905. Mimi si mtu wa mizimu, na sina nia ya kumrudisha mtu pangoni. Ila naona jambo moja ambalo wale wazee walilifahamu bila jiografia yangu ya ubaoni: kwamba uhai wa nchi ya chini unatoka mlimani, na kwamba anayehitaji ndiye anayefunga safari. Mtu wa chini alipanda. Alifika kwa mwenyeji, akabisha hodi, akatoa alichonacho, akaomba.

Jibu la pili lilikuwa la amri. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Waingereza iliona udongo wa Uluguru unavyoporomoka na mito inavyojaa tope, ikaanzisha mpango wa matumizi ya ardhi ambao kwa kifupi uliitwa ULUS. Woga wao haukuwa wa bure. Udongo ulikuwa unaporomoka kweli. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi, na asiyechimba alitozwa faini. Lakini tuta la ngazi katika mteremko mkali hufukua udongo wa chini usio na rutuba na kuufukia ule mweusi wa juu. Mtu aliyechimba kwa jasho alivuna kidogo kuliko aliyekwepa. Mwaka 1955 hasira zilifurika Matombo, ghasia zikatokea, mtu akapoteza maisha, na mpango ukafa. Na jambo la kuzingatia ni kwamba Mgeta matuta ya ngazi yapo mpaka leo, mazuri ajabu, yakinyweshewa kwa mifereji. Yamebaki kwa sababu mboga zinamlipa anayeyatunza. Tuta ni lile lile na mlima ni ule ule. Kilichotofautiana ni kama mwenye jembe alikuwa na faida yake ndani yake.

Jibu la tatu ni la juzi tu, nalo ni la bei. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi katika vijiji vya Kibungo Juu, kwenye maji ya Mfizigo, uliokusudia kuwalipa wakulima kwa huduma ya kuulinda mto. Mkulima aliyechimba makinga maji, akaotesha majani ya kuzuia udongo na kupanda miti shambani, alilipwa kwa kadiri ya eneo alilolitengeneza. Walipaji walikuwa watu wa chini: DAWASCO, iliyokuwa ikisambaza maji Dar es Salaam wakati ule, na kampuni ya vinywaji ya Coca-Cola Kwanza. Kwa mara ya kwanza, kwa ninavyoijua mimi historia ya mlima huu, mnywaji alikiri kwa fedha taslimu kwamba anadaiwa. Jambo hili limefanyika pia mbali na kwetu. Jiji la New York, ili lisijenge mtambo wa gharama kubwa wa kuchuja maji, lilifanya mapatano mwaka 1997 na watu wa milima ya Catskill yanakotoka maji yake, likagharimia ulinzi wa mabonde yao. Walipiga hesabu wakaona msitu ni nafuu kuliko mtambo.

Mimi nalipenda jibu hili kuliko lile la amri, lakini halinitoshi. Kwanza, mradi una mwisho na mto hauna. Mkulima aliyelipwa miaka michache anajiuliza nini kinafuata fedha zikikoma, na ana haki ya kujiuliza. Pili, kuna mambo ya ardhi ambayo mtu aliyekaa Dar es Salaam na kikokotoo hawezi kuyaona. Kwa desturi ya Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Mwanamume anaweza kulima maisha yake yote katika ardhi ya ukoo wa mkewe. Kupanda mahindi humo si neno. Kupanda mti wa kudumu ni neno kubwa, maana mti ni alama ya umiliki, na wajomba watauliza anataka nini. Sasa mgeni anakuja na miche, anasema panda, utalipwa. Anayepanda ni nani? Anayelipwa ni nani? Na mti ukikua, ni wa nani? Msaada ulioletwa kwa nia njema waweza kuzua ugomvi ndani ya nyumba kabla haujazuia hata kijiko kimoja cha udongo.

Katika amri na katika bei naona upungufu mmoja. Kote kuwili mtu wa chini ndiye aliyekata shauri, kisha akampelekea mtu wa juu, mmoja kwa fimbo, mwingine kwa bahasha. Bahasha ni bora, sikatai. Lakini hakuna aliyekwenda kwanza kuuliza.

Na kuulizwa si jambo dogo. Sisi Watanzania tulikwisha kulipigania mbele ya dunia. Mwaka 1929 Uingereza na Misri zilipatana juu ya maji ya Nile, na mapatano hayo yakatufunga sisi tunaopakana na ziwa Viktoria tusifanye lolote litakalopunguza maji bila idhini ya Misri. Tulipopata uhuru Mwalimu Nyerere alikataa. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika ilizijulisha Uingereza, Misri na Sudan kwamba haitambui kufungwa na mapatano hayo. Hatukusema Misri isinywe. Tulisema kwamba mtu wa juu hafungwi na makubaliano yaliyofanywa juu ya kichwa chake. Nilifundisha jambo hilo kwa fahari, na hata leo naliona kuwa la haki tupu. Basi iwapo ni haki kwa Tanganyika mbele ya Misri, kwa nini isiwe haki kwa Kibungo mbele ya Dar es Salaam? Je, kanuni hubadilika kwa kuwa mto ni mfupi?

Yupo atakayesema: hao ni raia wa nchi moja, wana diwani na mbunge, wamekwisha kuulizwa kwa kura zao. Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Lakini hesabu wapiga kura wa bondeni na wa mlimani, halafu utazame ni sauti ya nani itakayosikika mwezi ambao mabomba yanakauka. Mwishoni mwa mwaka 2022 mvua zilichelewa, Ruvu ukashuka, na Dar es Salaam ikaingia katika mgawo wa maji. Haraka pampu za umwagiliaji kandokando ya mto zikasimamishwa. Mwaka huo huo ukatiwa saini mkataba wa bwawa la Kidunda, ambalo lilizungumzwa tangu mimi sijaota mvi, la kuhifadhi lita bilioni 190. Nalitakia heri, kwani jiji lenye watu wengi hivyo haliwezi kuishi kwa kuangalia mawingu. Ila bwawa ni beseni, nalo hupokea kinacholetwa. Udongo utakaotuama humo utatoka katika mashamba yale yale ya miteremko, na namna mashamba hayo yatakavyolimwa itaamuliwa na watu ambao hawamo katika hesabu ya lita.

Nisije nikaonekana nawasema watu wa Dar es Salaam tu. Kihonda tuko katikati ya mto, na mtu wa katikati anadaiwa pande mbili. Maji ya Mindu tunayokunywa yanatoka mlimani, kwa hiyo tunadaiwa na walio juu. Na kila tunachokimwaga kinashuka, kwa hiyo tunadaiwa na walio chini. Mtaa huu ulikua kwa viwanda tangu miaka ya 1970, na baadaye nyumba zikafuata, nyingi kuliko mitaro. Ngerengere ukipita hapa huchukua maji ya viwandani, ya mashimo ya vyoo yanayofurika masika, mifuko na chupa, kisha unakwenda navyo Ruvu. Mtu wa Kihonda anayelalamika kwamba Waluguru wanachafua Mindu kwa tope, aende jioni darajani atazame anachompelekea mwenzake wa Mlandizi. Ni wachache miongoni mwetu wanaoyakumbuka hayo wakati wa kutoa lawama, labda kwa sababu mto daima unatuletea vya wengine na kuondoa vya kwetu.

Sasa nitataja jambo moja ambalo mgeni wa mlimani hulishangaa. Vijiji vingi vya Uluguru vimejengwa migongoni mwa milima, na maji yako chini mabondeni. Mwanamke huteremka na ndoo tupu na kupanda na ndoo iliyojaa, njia ambayo ni ya utelezi nusu ya mwaka. Mto unaojaza matangi ya jiji unaanza chini ya nyayo zake, naye anaubeba kichwani. Kama ningeulizwa deni lianze kulipwa wapi, ningesema lianzie hapo, kwa bomba la kijiji, kabla ya miche na kabla ya semina. Na fedha zake zitoke katika ankara za maji za Morogoro na za Dar es Salaam, shilingi chache kwa kila uniti, zikiandikwa kwa jina lao ili mlipaji azione. Matumizi yake yaamuliwe katika mikutano ya vijiji vyenyewe, wanawake wenye ardhi wakiwepo na wajomba wakiwepo, hata kama wataamua tofauti na wataalamu walivyopenda.

Nimelizungumza jambo hili na jirani yangu, fundi wa magari, mtu asiyependa maneno mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye analipa ankara kila mwezi na maji yenyewe siku nyingine hayatoki, na sasa mwalimu anataka kumwongezea ya mlimani. Nikakubali kwamba ana haki ya kulalamika. Baada ya muda akauliza ni shilingi ngapi ninazozifikiria. Nikamwambia, tuseme hamsini kwa uniti.

"Hamsini?" akasema. "Hiyo, mwalimu, siku hizi ukimdai mwenye duka chenji anakupa pipi."